Barua ya Kuacha Kazi Haifuti Hesabu

Ndugu zangu wa Kibiti, nanyi mliovuka kutoka visiwa vya delta mkaiwahi swala, leo tuongee la kazini.

Wakaguzi wanafika ghalani, wanalinganisha daftari la mizani na stakabadhi za wakulima wa korosho, kilo hazikubaliani. Karani anapewa barua ya kujieleza. Jioni hiyohiyo anakuja shemeji yake, anamvuta pembeni: “Andika uache mwenyewe kabla hawajakufukuza. Angalau jina litabaki.”

Anasema kwa huruma. Lakini kama kilo zile karani anazo kweli, barua hiyo inamsaidia nini? Mkulima wa Bungu aliyepunjwa hakupunjwa na cheo, kapunjwa na mtu, na mtu huyo bado yupo. Haki ya mja haiishi kwa toba ya midomo. Irudishwe, au mwenyewe asamehe. Wala polisi hawazuiwi na barua ya kuacha kazi. Na kinachopatikana kwa cheo kina hesabu yake: zama za Mtume, Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili, moja la Waislamu, jingine akidai kazawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza: angekaa kwa baba na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata?

Na asiye na kosa je? Huyu ndiye tunayemponza zaidi. Nabii Yusuf (A.S.) alikaa gerezani miaka kwa tuhuma ya uongo. Mfalme akamwita atoke. Mlango uko wazi, mjumbe amesimama, na Yusuf anamrudisha: kwanza waulizwe wale wanawake waliojikata mikono. Hakutoka mpaka ushahidi umesemwa na mke wa Mheshimiwa, aliyemzulia, amekiri. Baada ya hapo ndipo alipoomba kusimamia hazina za nchi, na akapewa. Angetoka kimyakimya siku ya kwanza, nani angemkabidhi ghala?

Basi kijana, ukiwa msafi usikimbilie kalamu. Nchi hii ina taratibu. Ukiitwa kikao cha nidhamu, upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na uende na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ukifukuzwa bila haki, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Ukiacha kwa hiari yako umejifungia mlango huo mwenyewe. Ukisainishwa kwa vitisho, sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeachishwa, lakini kukithibitisha kitisho ni kazi ngumu, hasa mlipokuwa wawili tu ndani ya chumba.

Mtaniambia: mbona Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu, nasi tunamsifu? Ni kweli, na ni mtu wa hapa jirani, mzaliwa wa Kivure, Mkuranga, Allah amrehemu. Mwaka 1977 aliacha uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya mahabusu kufia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Yeye hakuinua fimbo. Walioinua walikuwa chini ya wizara yake, naye akaona hilo linatosha. Kuondoka kwake hakukuficha kitu. Kulikiri mbele ya nchi nzima kwamba watu walikufa. Akaenda kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais wa Muungano. Anayeacha kazi ili mkaguzi asifungue daftari asijifananishe naye.

Nanyi mabosi mliomo humu, maana mpo: kumwambia mtu “chagua, uandike au tukuchafue” ni dhulma, hata kama unamshuku kwa sababu nzuri. Ukimshuku, mwite, mpe tuhuma kwa maandishi, msikilize. Na sisi wa barazani tumeamrishwa tuhakikishe habari kabla ya kuibeba. Mtu akisimamishwa kupisha uchunguzi, saa ya alasiri huku barazani tumeshamhukumu, na watoto wake wanaitwa wa mwizi madrasa.

Mwenye barua ya kuacha kazi mfukoni sasa hivi asiisaini leo. Tukitoa salamu aje nayo hapa mbele. Tuna wazee waliofanya kazi ushirika na halmashauri, wataisoma naye.