Boma la Mawe na Mawimbi ya Bahari

Someni kwanza Ezekieli 13:10-15, habari za ukuta uliopakwa chokaa. Lakini tufani ilipokuja ulianguka, na misingi yake ikaonekana.

Sisi wa Mkuyuni twakaa milimani, walakini maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo mambo ya pwani yatuhusu. Huko Dar es Salaam, kando ya barabara iliyoitwa zamani Ocean Road, na tangu mwaka 2013 Barack Obama Drive, bahari ilikuwa ikila ukingo wa nchi, hata ukajengwa ukuta mpya uliomalizwa mwaka 2018.

Mafundi wa kazi hiyo wanajua neno hili: ukuta uliosimama wima hulirudisha wimbi, nalo likirudi huchimba mchanga miguuni pa ukuta. Basi mara nyingi hulundika mawe kwa mteremko: ndani madogo, juu yake ya kadiri, na nje makubwa mazito. Wimbi huingia katika nafasi za mawe, likagawanyika na kupungua nguvu. Na Mungu alitangulia kufanya vivyo kwa miamba ya matumbawe. Wataalamu waliokusanya vipimo vya nchi nyingi walitangaza mwaka 2014 kwamba miamba hiyo hupunguza nguvu za mawimbi kwa kadiri ya 97 katika 100.

Sasa fikirini habari ya picha. Mtu akilipiga picha boma wakati maji yamejaa, huonyesha kichwa chake tu. Bali fundi mwangalifu hungoja maji yakupwe, akapiga picha ya mguu wake, tena mahali palepale mwaka kwa mwaka, apate kujua kama jiwe limehama. Vivyo hivyo Mkristo asijitazame siku ya Jumapili tu, amevaa vizuri na kuimba. Na ajitazame siku ya kudaiwa deni, na siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Hapo ndipo mguu wa ukuta huonekana.

Tena liko jambo la Kunduchi, kaskazini ya mji. Pwani ililiwa hata Hoteli ya Africana ikaachwa. Wengine walijenga kuta za mawe kuingia baharini ili wazuie mchanga usichukuliwe. Lakini ukuta wa namna hiyo hukusanya mchanga upande mmoja, na upande wa pili hupungukiwa. Mmoja huokoka, jirani yake huliwa. Nasi twafanya yayo hayo tukichimba mfereji wa kuyaelekeza maji ya mvua katika shamba la mwenzetu. Au tukilinda heshima ya ukoo wetu barazani kwa kumwachia mjane hasara.

Walimu na wazee wa usharika, angalieni kinga zenu zimejengwa kwa hasara ya nani. Mtume atuagiza tuchukuliane mizigo, Wagalatia 6:2. Hata mawe ya boma hushika kwa sababu kila moja huchukua sehemu yake ya pigo, wala hakuna lililoachiwa bahari yote peke yake. Basi mwezi huu kila mmoja na amtafute yule aliyemwelekezea maji yake, akatengeneze naye.

Bwana atusaidie. Amina.