Hakimu wa Pembe Mraba

Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, achomeleaye fremu ya mlango huweka skwea, kipimo cha pembe mraba, penye kona, na kona ikikataa huigonga hata ikubali. Lakini mwenye kutafakari hana budi kuuliza ni nani aliyeihukumu skwea yenyewe, hali nayo ni kazi ya mikono ya mwanadamu.

Jawabu analo fundi. Huiegemeza skwea kwenye ukingo ulionyoka wa ubao, akachora mstari; kisha huigeuza upande wa pili na kuchora tena kutoka nukta ile ile. Mistari miwili ikilaliana kuwa mmoja, chombo ni adili. Ikiachana, nusu ya mwachano ule ndiyo kosa lake halisi. Euclid, mwanahisabati wa Kiyunani aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alisema hayo hayo: mstari ukisimama juu ya mwingine na kufanya pembe mbili jirani zilizo sawa, kila moja ni pembe mraba. Hakutaja nyuzi 90.

Naona jambo hili ni tukufu. Hapana chuma Gerezani kilichonyoka kwa ukamilifu, wala mtaa wa Kariakoo, ijapokuwa ulipangwa kwa kamba, ukatao mwenziwe pasipo upungufu. Walakini upungufu huo twautambua, nasi tusingaliutambua lau akili isingalikuwa na ukamilifu ambao macho hayajapata kuuona. Mwanafalsafa Plato aliamini kuwa roho iliujua ukamilifu huo kabla ya kuzaliwa. Mimi nadhani chimbuko lake ni usawa wa pande mbili, ambao hata mtoto asiyejua kusoma huudai agawanyapo mkate na nduguye.