Senti Iliyobanwa

Mwezi huu nawaletea neno dogo kama senti moja, maana ni habari ya senti moja hasa. Lakini mara nyingi neno dogo hubeba swali kubwa, na swali hili limekaa nami tangu mwaka 2024, wala sijalimaliza.

Mwaka huo nalialikwa na usharika rafiki ulioko Marekani, nikakaa majuma matatu katika mji wa Chicago. Niliporudi nalimletea mama yangu kipande cha shaba, chembamba, chenye umbo la yai lililovutwa, na juu yake picha ya jumba. Mama akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni fedha?" Nikamjibu, "Mama, ilikuwa fedha." Akasema, "Basi umeiharibu?" Nami nikacheka, nikasema, "Ndiyo, tena nalilipa ili niiharibu." Yeye hakucheka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali la pili. Hilo nitalileta mwisho, kwa kuwa la kwanza nalo lataka jibu lake.

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi hawajaiona. Katika nchi ya Marekani, penye majumba ya makumbusho, na bustani za wanyama, na mahali pengine wapitapo wasafiri, husimama mtambo wenye mkono wa chuma wa kuzungushia. Msafiri hutia robo dola mbili, hutia na senti moja yake mwenyewe, kisha huzungusha. Ndani mna rola mbili za chuma cha pua, na nafasi iliyo kati yao ni nyembamba kuliko unene wa senti. Na katika rola moja imechongwa picha kinyume. Magurudumu yenye meno huiongeza nguvu ya mkono, hata mtoto aweza kuzungusha. Senti hupita katikati, ikabanwa, ikanyooka, ikatoka upande wa pili hali ni ndefu na nyembamba, nayo imechukua picha ya mahali pale. Siku hizi mingi ya mitambo hiyo hudai dola nzima au zaidi, na mingine hutoa kipande chake yenyewe, wala haitaki senti ya mtu.

Desturi hii ilianza Marekani katika maonyesho makubwa ya mataifa yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, ya kukumbuka miaka 400 tangu Columbus kufika nchi zile. Yalifunguliwa mwezi wa Mei, yakafungwa mwezi wa Oktoba, na hesabu ya walioingia ilipita milioni 27. Katika umati ule walikuwapo watu waliobana sarafu na kuziandika jina la maonyesho, ili mgeni apate kitu cha kuchukua kwao. Baadaye zikaonekana katika maonyesho ya Buffalo ya mwaka 1901, na ya St. Louis ya mwaka 1904. Mwaka 1966 wapenda kuzikusanya wakafanya chama chao, na hata leo wako watu wanaosafiri wakiwa na mfuko wa senti safi, tayari kwa mtambo watakaoukuta njiani.

Haya, turudi kwa swali la mama. Je, ni halali kuharibu fedha? Sheria ya Marekani humkataza mtu kuigeuza sarafu kwa nia ya kudanganya. Akikwangua shaba ili aibe kidogo katika kila senti, au akiigeuza ili ionekane kuwa fedha kubwa kuliko ilivyo, huyo ni mwivi. Lakini senti iliyobanwa haimdanganyi mtu. Hata kipofu akiishika atajua kwamba hii haiendi sokoni. Basi sheria huitazama nia, wala si chuma tu, na hapo naona imehukumu vema. Tena serikali ile yenyewe imeichoka senti yake. Tarehe 12 Novemba 2025, katika mji wa Philadelphia, zilipigwa senti za mwisho za kutumiwa na watu, baada ya miaka zaidi ya 230, kwa sababu kuipiga senti moja kuligharimu zaidi ya senti tatu na nusu. Zilizopo zingali fedha halali, nazo ni mabilioni; lakini mpya za kupitishwa mikononi mwa watu hazitoki tena.

Mwingine atasema, "Hata kama ni halali, ni upotevu. Mtu anatoa senti 51 apate kitu kisichonunua hata njugu!" Ndugu yangu, neno lako lina uzito, nami silipuuzi. Mtu akiwanyima watoto wake chakula ili akusanye vipande vya shaba, amekosa. Lakini tukisema kwamba kila fedha isiyonunua chakula wala nguo imepotea, tutamhukumu na aliyenunua maua ya kaburi la baba yake, na aliyelipa mpiga picha siku ya arusi. Tumbo si kipimo cha mambo yote. Mtu huishi pia kwa kukumbuka, na asiyekumbuka kitu ni maskini hata akiwa na ng'ombe mia.

Tena tuitazame sarafu yenyewe ni kitu gani. Sarafu ina nguvu kwa sababu haina kumbukumbu. Senti hii na senti ile ni sawasawa. Imepita mkononi mwa mjane na mkononi mwa mlevi, wala haisemi lolote juu yao. Kama ingesema, isingefaa sokoni, maana watu wangekataa hii na kuchagua ile. Basi mtu anapoibana huiua upande mmoja ili ipate uhai upande mwingine. Haiwezi kununua tena, haiwezi kupita tena. Imekuwa ya mtu mmoja, ya mahali pamoja. Jambo hili halikunichukiza. Nalipolifahamu nalilipenda.

Lakini je, uhai huo mpya unakaa ndani ya shaba? Hapo ndipo penye shida, nami nalifundishwa na mzee mmoja.

Mwenyeji wangu kule Chicago alikuwa mzee wa miaka themanini na zaidi, mjane, mpole wa maneno. Jioni ya pili alinitolea daftari lenye vifuko vidogo, na kila kifuko kina senti yake iliyobanwa, akaanza kunisimulia. "Hii ni ya siku mvua ilipotufungia katika bustani ya wanyama, na mwanangu wa kwanza akalala begani mwangu. Hii aliizungusha mke wangu, na mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wake, kwa kuwa alikuwa ameanza kuugua, na nguvu zake zilikuwa chache." Hata usiku ukawa mwingi, nasi tungali katika kurasa za mwanzo. Kisha akafunua kurasa za nyuma, zilizojaa senti nzuri kuliko zile, zimenyooka, zimeng'aa, za miji mingi. Hizo akazipitia upesi bila neno. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Hizi nalizinunua kwa posta baada ya mke wangu kufa. Sikufika huko. Ni nzuri, lakini hazina neno."

Basi, wasomaji, senti zile zote zilitoka katika mitambo ya namna moja, shaba moja, nakshi za mafundi walewale. Za mbele zilikuwa na neno, za nyuma hazina. Tofauti haikuwamo katika chuma. Ilikuwamo kinywani mwa mzee.

Sasa yanipasa niungame kosa langu. Siku tatu kabla sijaondoka, mzee yule alinichukua tukaone jumba moja la makumbusho. Akaniambia njiani, "Tukimaliza, nitakupeleka kwa miguu mpaka ufuoni mwa ziwa, yako mahali nataka kukuonyesha." Tulipofika ndani nikauona mtambo. Nami nikawaza juu ya watu wa nyumbani: mama, na watoto, na wazee wa usharika, na walimu, nikaona kila mmoja apate chake. Nikamwambia mzee aketi kwenye benchi, animngojee kidogo. Nikaenda kubadilisha fedha, nikapanga mstari, nikazungusha, nikarudi kubadilisha tena. Senti zangu zilikuwa za siku hizi. Zile zilizopigwa kabla ya mwaka 1982 zilikuwa shaba kwa sehemu 95 katika mia, lakini za baada ya hapo ni zinki, zimefunikwa shaba kidogo tu juu yake. Kwa hiyo zikibanwa, shaba hupasuka, na weupe wa zinki huonekana kama michirizi. Wakusanyaji huzichagua za zamani kwa sababu hiyo. Mimi sikuchagua; nalitaka hesabu itimie.

Nilipomaliza nalikuwa na vipande kumi na viwili mfukoni, na mzee alikuwa amesinzia. Jua lilikuwa limekwenda, na mwenye gari alikuwa amefika kutuchukua. Mzee akasema, "Haidhuru, tutakwenda siku nyingine." Siku nyingine haikupatikana.

Ndipo nalipofika nyumbani na kumpa mama kipande chake, naye akaniuliza swali la pili: "Ulikuwa na nani ulipoifanya?" Nikafungua kinywa nijibu, nikaona sina jibu. Nalikuwa peke yangu. Yule niliyekwenda naye nalimwacha kwenye benchi. Nikamwambia mama jina la mji, na jina la jumba, na habari za maonyesho ya mwaka 1893. Naye akanisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza tangazo. Kabla ya Krismasi ikaja barua kwamba mzee yule amelala. Kile alichotaka kunionyesha ufuoni sitakijua kamwe. Nina vipande vya shaba vya kunikumbusha mahali pale, na jambo nililopaswa kulikumbuka sikulipata, kwa sababu nalikuwa nikinunua ukumbusho wake.

Sisemi haya ili nimkataze mtu kukusanya senti. Mzee wangu alizikusanya, naye alikuwa na hekima kuliko mimi. Nasema kwamba kitu hakikumbuki. Ni mtu akumbukaye, na kitu humshika mkono tu. Yoshua alipowavusha wana wa Israeli katika Yordani, waliamriwa kutwaa mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha. Lakini angalieni kwa nini: ili watoto waulize maana yake, na baba zao wawajibu. Mawe yalikuwa ya kuamsha swali, na kazi ya kujibu iliachwa kwa watu. Kama baba angenyamaza, yangebaki mawe, na mpita njia angeyachukua ajengee mafiga.

Wala jambo hili si la Marekani peke yake. Nani kati yetu hana kanga ya sikukuu ya jubilei, au picha ya kipaimara ukutani, au kalenda ya mwaka uliopita ambayo hataki kuitoa? Vyote ni vyema. Lakini mtoto akiuliza, "Huyu aliyesimama kando yako ni nani?" nasi tukasema, "Usinisumbue," tumeifanya picha ile kuwa kama senti za nyuma za mzee. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naona kumbukumbu nayo ni mali, na daftari lake ni simulizi. Basi ukirudi safarini na kitu, andika kwenye karatasi mahali, na mwaka, na jina la mtu uliyekuwa naye. Kisha mwite mtoto mmoja umweleze. Na kama safarini imekulazimu kuchagua kati ya kitu na mwenzako anayekungoja, kiache kitu.

Nimalizie kwa habari ya mama. Siku ile nalipokosa jibu, hakunilaumu. Aliinuka, akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Nalikuwa sijaiona kamwe. Akasema, "Hii bibi yako alinipa mwaka 1960, asubuhi niliyokwenda shule mara ya kwanza. Aliitia uzi akanivika shingoni, akaniambia ninunue kitu nikiona njaa. Njaa naliiona, lakini sikuinunulia." Kisha akanisimulia njia ile yote, na mto waliovuka, na nguo aliyovaa mama yake, na jinsi alivyogeuka nyuma mara tatu, na mara tatu akamwona mama yake angali amesimama palepale.

Akaviweka vipande viwili pamoja katika kitambaa kimoja, cha bibi na changu, akafunga fundo. Akasema, "Hiki chako nitakitunza. Nawe siku nyingine uje uniambie habari za yule mzee."

Nalikwenda Jumapili iliyofuata, nikamwambia.