Juliet Alikuwa na Miaka 13: Tumlaumu Nani?

Kila Romeo na Juliet inapoigizwa upya, jukwaani au kwenye filamu, tunaanza kubishana: imefanana na ya Shakespeare au haijafanana? Kwangu hilo ni swali dogo. Kubwa ni hili: huyu aliyeibadilisha, lawama ya vile vifo kamtwisha nani?

Tuanze na Shakespeare mwenyewe, maana naye hakuibuni hadithi hii. Aliikuta kwa Arthur Brooke, aliyeichapisha kama shairi refu mwaka 1562. Kwenye dibaji, Brooke anawasema wale wapenzi: tamaa imewaponza, na wazazi hawakuwasikiliza. Shakespeare, miaka ya 1590, akaigeuza. Juliet wa Brooke anakaribia miaka 16. Wa Shakespeare hajafikisha hata 14. Baba yake anatishia kumfukuza nyumbani akikataa kuolewa na Paris. Mwishoni wazee wawili wanapatana mbele ya maiti za watoto wao. Hapo, jamani, bado tumseme binti?

Sasa tuilete hapa Singida. Tuseme ukoo mmoja una mashine ya kukamua alizeti, mwingine una ng'ombe wengi, na ugomvi wao ni wa zamani mpaka chanzo kimesahaulika. Kubadili majina na mavazi ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ipo mwishoni. Tumezoea igizo lenye funzo, na funzo la chapchap ni lile la "watoto, wasikieni wakubwa". Ukimalizia hivyo umeshamrudisha Brooke, hata kama bango linasema Shakespeare.

Na kwetu umri wa Juliet si jambo la Verona tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Kwa hiyo binti wa sekondari aliyekaa kwenye viti vya mbele anaweza kuwa anatazama jambo analolijua. Tukimwambia kwamba Juliet alikufa kwa ukaidi, tumemwambia nini kuhusu yeye?

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuza. Wapenzi hawa wanakutana Jumapili, Alhamisi hawapo tena. Mzazi anayeogopa pupa ya namna hiyo ana haki ya kuogopa. Tena kukipamba kifo cha sumu na kisu mbele ya vijana ni hatari kweli. Lakini dawa yake si kuwahamishia lawama. *West Side Story* ilimwacha Maria hai, akasimama juu ya maiti ya mpenzi wake na kuzilaumu pande zote mbili. Msiba ulibaki msiba.

Adam Shafi naye alituonyesha njia yake katika *Vuta N'kuvute* (1999), riwaya ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021. Yasmin anaozwa akiwa binti mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa. Anamkimbia, ndugu wanamtenga, anampenda Denge, mwanaharakati anayesakwa na wakoloni. Penzi lao linapigwa vita, ila Yasmin hauawi ili sisi tupate funzo. Ukiifunga riwaya, huwezi kusema kosa lilikuwa kuikataa ile ndoa.

Basi anayetaka kuleta Romeo na Juliet jukwaani kwetu, aibadilishe atakavyo. Aweke simu, aweke bodaboda, hata kifo akiondoe. Asiwaondolee wazee hatia yao tu. Anayemuua Juliet halafu akamkaripia, amemwonea mara mbili.