Kabla Hamjamfukuza Kocha Mwingine

Wanangu, mmenichosha. Sisemi kwa hasira; hasira ni ya wenye nguvu, nami nguvu zilizobaki nazitunza kwa ajili ya kwenda msikitini na kurudi. Lakini kila Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, wakifungwa, hoteli nzima pale karibu na stendi ya Isiolo hugeuka benchi la ufundi. Huyu anataka fulani aanze, yule anaapa kwamba fulani ameachwa kwa sababu ya kabila lake, na kabla chai haijapoa mmekwisha kukubaliana jambo moja tu: kocha aende. Nimewasikiliza mpaka nimeona ninyamaze, kisha nimeona kunyamaza nako ni kosa. Basi kaeni.

Hebu tuhesabu pamoja, maana mnasahau upesi. Mwaka 2013 Mike Friday, Mwingereza, alitufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kule Moscow, na msimu huo tukamaliza wa tano duniani. Akaondoka. Akaja Paul Treu kutoka Afrika Kusini. Akashika Felix Ochieng. Akarudi Benjamin Ayimba. Akaja Innocent Simiyu. Akaja Paul Murunga. Akaja Paul Feeney wa New Zealand. Akarudi Simiyu. Akaja Damian McGrath, Mwingereza mwingine. Akaja Kevin Wambua. Hapo tumefika 2023. Miaka kumi, na usukani umebadilisha mikono mara tisa.

Nyinyi ni watoto wa wafugaji, hata mkivaa jezi. Mnajua ngamia jike hazai kabla ya miaka minne au mitano, na akishika mimba mtamngoja miezi 13. Nani kati yenu amewahi kuona boma linalobadilisha mchungaji kila baada ya mvua moja, likapata maziwa?

Mnalitaja jina la Ayimba siku hizi kama mnavyolitaja la walii. Sawa, alistahili. Tarehe 17 Aprili 2016, kule Singapore, aliwaongoza vijana wetu kuwafunga Fiji 30-7 katika fainali, na hicho ndicho kikombe chetu cha kwanza katika Msururu wa Dunia wa raga ya saba. Fiji hao hao, miezi minne baadaye, walichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Sisi Rio tulimaliza wa 11. Sifa za Aprili zikafutwa na Agosti, na mwaka haukwisha kabla ya benchi kupata mtu mwingine. Nakumbuka yaliyosemwa humu humu mjini. Mtu aliyekuwa ameifunga timu bora duniani kwa pointi 23 aliambiwa hajui kuchagua kikosi. Alipofariki Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 44, midomo ile ile ikaleta rambirambi ndefu.

Halafu Simiyu. Msimu wa 2017/18 vijana wake walifika fainali mbili mfululizo za kukumbukwa, Vancouver kisha Hong Kong, na mara zote mbili ni Fiji waliowazuia. Walikusanya pointi 104, nyingi kuliko tulizowahi kupata msimu wowote kabla ya huo. Juni, kule Paris, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wameziba nembo ya mfadhili kifuani, kwa sababu ya malipo waliyoahidiwa wasiyapate. Dunia nzima ikaona. Na mkataba wa kocha ulipofika mwisho haukuongezwa.

Msimu uliofuata wakongwe wengi hawakurudi, suala likiwa ni mikataba na mshahara. Murunga akapewa vijana wabichi, akaambiwa nenda ukashindane na Fiji na Afrika Kusini. Tuliponea chupuchupu, Japani ndio walioteremshwa. Nanyi hapa hotelini mlikuwa mkiuliza kwa nini kocha amechagua watoto. Wanangu, kocha huchagua walioko mazoezini. Ambaye hajalipwa akaamua kwenda kutafuta riziki, jina lake halifiki kwenye karatasi ya kocha hata kama mnalipigia kelele usiku kucha. Ndiyo maana nasema mnaanza hesabu kwenye mstari wa mwisho. Kikosi kinachotangazwa Ijumaa kimeshaamuliwa miezi mingi nyuma, katika vyumba ambavyo hamvioni kwenye runinga, na watu wanaozungumza habari za fedha.

Deni lile la kutowalipa wachezaji tulililipa baadaye. Mei 2023, Twickenham, Kanada walitufunga 12-7 tukatupwa nje ya Msururu wa Dunia tuliokaa ndani yake karibu miaka 20. Wakati huo tulikuwa na kocha wa kigeni, na mgeni njoo, mwenyeji apone, hatukupona. Aliyetuinua ni Wambua, mwenyeji. Septemba mwaka huo, Harare, vijana waliwashinda Afrika Kusini 17-12 wakakata tiketi ya Olimpiki. Juni 2024, Madrid, wakawafunga Wajerumani 33-15 tukarudi tulikotoka. Sikusikia mtu humu akisema, tumwache huyu afanye kazi miaka minne. Niliwasikia Olimpiki ya Paris ilipofika, na tukamaliza wa tisa, kama Tokyo, mkianza tena wimbo wenu.

Najua mtaniambia, Mzee, kwa hiyo kocha hakosei? Hukosea, tena vibaya. Tazameni Australia, nchi iliyotwaa Kombe la Dunia la raga ya watu 15 mara mbili, 1991 na 1999. Januari 2023, miezi minane tu kabla ya Kombe la Dunia, walimfuta kazi kocha wao Dave Rennie wakamrudisha Eddie Jones kwa mkataba wa miaka mitano. Jones akaamua kuanza upya. Michael Hooper, nahodha wa miaka mingi, akaachwa nyumbani. Quade Cooper akaachwa. Nafasi ya namba 10, mtu anayeamua mpira uende wapi, akamkabidhi kijana Carter Gordon bila mzee wa kumshika mkono. Fiji wakawafunga 22-15. Wales wakawafunga 40-6. Kwa mara ya kwanza tangu Kombe la Dunia lianze 1987, Australia ikatolewa kwenye hatua ya makundi. Oktoba haikuisha Jones akajiuzulu. Miaka mitano ikawa miezi tisa.

Mashabiki wao walipokasirika kuhusu uteuzi, walikuwa na haki. Yapo maamuzi ambayo hata mtoto anaona hayana akili, na kumwacha Cooper bila kuwa na mwingine aliyekomaa ni mojawapo. Lakini tazameni kosa lilikozaliwa: waliomwondoa Rennie kwa pupa ndio waliomleta mtu mwenye pupa. Na kwa kuwa kombe la 2027 litachezwa kwao, nilidhani wangetulia zaidi.

Sasa nishikeni mkono niwavushe mahali. Novemba 2022, Dubai, Ureno waliwapiga Simba wetu, timu ya taifa ya watu 15, 85-0 katika mechi za kutafuta nafasi ya mwisho ya kwenda Kombe la Dunia kule Ufaransa. Nilizima redio. Miezi 11 baadaye, Ureno hao waliwafunga Fiji 24-23 katika Kombe la Dunia lenyewe. Na Fiji hao walikuwa wametoka kuwafunga Australia. Kocha wa Ureno, Mfaransa Patrice Lagisquet, alikuwa kazini tangu 2019. Alikuwa amepewa nafasi ya kushindwa, akajifunza, akawafahamu watu wake mmoja mmoja. Mtasema Fiji nao walibadilisha kocha Februari mwaka ule ule. Kweli, lakini walimpandisha Simon Raiwalui, Mfiji aliyekuwa tayari ndani ya nyumba, anayejua nani analala wapi. Hawakubomoa ukuta ili kubadilisha mlango.

Turudi kwenye uteuzi, maana hapo ndipo mnaponiumiza masikio. Mnapenda mkimbiaji. Kila mmoja wenu anamtaka mwenye kasi, yule anayechomoka pembeni mpaka watu wote hotelini wanasimama. Collins Injera alifunga trai nyingi, akawa kwa muda mfungaji bora wa wakati wote wa Msururu wa Dunia, na nyinyi mkadhani raga ya saba ni mbio. Tazameni mechi tena, mkitazama kitu kimoja tu: mpira wa kuanzisha. Katika raga ya watu 15, aliyefungwa ndiye anayepokea zawadi ya kupiga. Katika raga ya saba, aliyefunga ndiye anayepiga. Maana yake, timu ikifunga trai, ikapiga mpira juu, na mtu wake akaruka akaudaka, inaweza kufunga tena bila wapinzani kugusa ngozi. Kipindi ni dakika saba. Trai mbili za namna hiyo na mechi imekwisha. Humphrey Kayange, ndugu yake Injera, alikuwa bingwa wa kuruka kule juu. Wachache kati yenu walimtazama, kwa kuwa macho yenu yalikuwa tayari yamekimbilia pembeni kumngoja mdogo wake. Kwa hiyo mkiona kocha amelichukua jitu refu linaloonekana kuchoka, akamwacha kijana mwenye kasi kuliko upepo wa Isiolo, msiulize kabila lake. Hesabuni amedaka mipira mingapi.

Tena kikosi cha Olimpiki ni watu 12. Kumi na wawili, kutoka nchi nzima. Hakuna orodha ya watu 12 itakayowaridhisha Wakenya wote, hata ikiandikwa na malaika.

Na hili la kaskazini. Mnasema hatuchaguliwi. Nalisema kwa upole kwa sababu uchungu wake naujua, na kwa sababu mengi ambayo nchi hii imewanyima watu wa huku si ya kufikirika. Lakini raga hatujanyimwa na kocha. Kocha anatazama Kabras kule Kakamega, Oilers kule Nakuru, KCB na Harlequin na Mwamba kule Nairobi. Anatazama shule kama Kakamega na Upper Hill. Mashindano ya raga ya saba yanazunguka Mombasa, Nakuru, Kisumu, Nairobi. Anapokaa kwenye jukwaa la Ngong Road kule Nairobi na daftari lake, yupo kilomita karibu 280 kutoka hapa Isiolo, na hakuna kijana wetu mbele yake. Hesabuni wenyewe milingoti ya raga kati ya hapa na Marsabit. Mkimaliza kuhesabu, fungueni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, msome ni nani aliyekabidhiwa viwanja vya michezo. Ni serikali ya kaunti. Diwani wenu mnamjua anakokunywa chai. Kwa nini hasira zenu zinapita mbele ya mlango wake kimya, halafu zinapasuka kwa mtu aliyeko uwanja wa Ngong Road?

Juzi mmoja wenu aliniambia ana uwezo kuliko nusu ya kikosi. Vizuri. Kuna kipimo wanakiita Bronco. Unaweka alama kwenye mita 20, 40 na 60. Unakimbia hadi ya kwanza na kurudi, ya pili na kurudi, ya tatu na kurudi, kisha unarudia yote mpaka mara tano, bila kupumzika. Jumla mita 1,200. Wachezaji wa kiwango cha juu wa raga ya saba hushuka chini ya dakika tano. Tulikwenda naye uwanjani jioni, jua likiwa limepungua, tukapima kwa hatua, tukaweka mawe matatu. Raundi ya kwanza alicheka. Ya pili alinyamaza. Kwenye ya tatu alikuwa akigeuka kwenye jiwe kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, mkono mmoja kiunoni, vumbi limemshika kope. Alimaliza, namsifu kwa hilo. Saa yangu ilisema dakika sita na zaidi. Hakukasirika. Aliniuliza watu wale wanafanya hivyo mara ngapi kwa wiki, na hilo ndilo swali la kwanza la maana nililolisikia kuhusu Shujaa mwaka huu.

Kwa hiyo sikilizeni ninachotaka, na si kikubwa. Mawe yale matatu bado yako pale. Nendeni Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali, kila mtu akimbie, mwenye saa aandike. Akipatikana hata mmoja wa kufika karibu na dakika tano, tutamwandikia barua kwa klabu, mimi nitaiandika kwa mkono wangu, na nauli tutaichanga sisi wazee. Tumechanga kwa arusi zisizo na faida kubwa hivyo. Na siku wakuu wa chama cha raga, KRU, watakapotangaza kocha mwingine, msianze na majina ya wachezaji. Ulizeni mkataba wake ni wa miaka mingapi, na wachezaji wamelipwa mpaka mwezi gani. Mkiniletea majibu hayo mawili, nitaagiza chai, na tutabishana kuhusu kikosi mpaka wenye hoteli watufukuze.