Furaha ya Mtumba

Altezza yangu ni ya mwaka 2001. Toyota waliacha kuitengeneza 2005, na magari ya spoti ya bei nafuu yakapungua Japani. Mwaka 2012 yakarudi: Toyota 86 na pacha wake, Subaru BRZ. Nafuu kwa nani? Mimi, mwalimu wa Dodoma, huipata furaha hiyo baada ya Mjapani kuichoka.

Nilipoifikisha Bahi, mama aliuliza, “Mwanangu, inabeba magunia mangapi?” Maji bado ananunua kwa dumu; pesa ya tangi lake imo ndani ya gari hili.

Sidhani raha ni dhambi kwa mwenye kipato kidogo. Ila kabla ya kuiita nafuu, uliza nani mwingine ameilipia. Jumamosi Altezza ilibeba madumu sita, ikivuka matuta polepole.