Nanga na Urefu wa Kamba

Utacheka kumsikia mtu wa Handeni akizungumzia nanga. Kwetu hata maji ya kunywa ni shida, sembuse bahari! Lakini kamba naijua. Mkonge alioleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ndio ulioenea mashambani Korogwe, na nyuzi zake zikasokotwa kamba, za meli zikiwemo, kabla nailoni haijaharibu soko.

Basi siku moja ya kusi kali nilikuwa Pangani, kule ambako mto wetu wa Korogwe unamwaga maji yake. Nahodha mmoja alikuwa anatia nanga mashua yake. Nikamwambia, shikamoo mzee, nanga yenyewe mbona ndogo? Akanicheka. Nanga haishiki kwa uzito tu, alisema, inashika kwa kulala. Ukifunga kamba fupi, kila wimbi likiinua chombo linaivuta nanga juu, kucha zinang'oka. Maji yakiwa pima 2, tena uhesabu yakiwa yamejaa, achia pima 10. Upepo ukizidi, 14. Hapo kamba inalala chini, nanga inavutwa kwa ubavu, inazidi kuzama mchangani. Chombo nacho kinaelekeza omo kwenye upepo, hakishtuki-shtuki, watu wanalala.

Nikamkumbuka mama. Kaka yangu alifungiwa kamba fupi: usiende huku, usilale kule. Akatoroka usiku, na barua hatujaiona. Sasa ni zamu yangu, mimi ninayetaka kwenda Dar kuandika riwaya. Nikasema moyoni, mama angemsikia mzee huyu!

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Kamba ndefu inataka nafasi, alisema. Upepo ukigeuka, chombo kinazunguka, na kama umejiachia bila kumtazama jirani utamvunja mbavu. Aliyetangulia kutia nanga ndiye anayeheshimiwa.

Hapo ndipo niliponyamaza. Nyumbani tumebaki watatu. Mimi nikienda, anayebaki na mama na ndoo za maji ni mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Pima zangu 14 zinatoka kwake. Je, ni haki? Na nikibaki kwa ajili yake, si nami nitatoroka siku moja kama kaka?

Stendi ya Korogwe nilikuwa na nauli ya Dar mfukoni. Nikapanda la Handeni. Yule mtoto hatujawahi kumuuliza.